Dawa Haina Miguu

Vijana wengi wanaomaliza shule huuliza: kusomea ugavi katika chuo kikuu kuna faida gani? Je, kupakia mizigo na kuipakua ni elimu?

Mwezi wa Mei 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka katika jimbo la Equateur. Chanjo ilikuwapo, lakini ilipaswa kuhifadhiwa katika baridi kali, digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri. Nayo ilitakiwa kutoka ng'ambo, ipite Kinshasa na Mbandaka, ifike hata vijiji vya Bikoro, penye joto na misitu.

Masanduku mangapi ya baridi yanahitajika? Umeme utatoka wapi? Gari liwe tayari siku gani? Kuyajua hayo ndiyo elimu ya ugavi. Mwanafunzi wake hujifunza kukadiria mahitaji mapema, kuhesabu akiba ya ghala, kuchagua njia na kutayarisha karatasi za forodha. Anayeagiza pungufu huwanyima wagonjwa. Anayeagiza kupita kiasi huacha dawa ioze.

Tarehe 24 Julai 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha jimboni. Waganga na wauguzi walistahili sifa. Lakini sindano yao ingefaa nini, kama baridi ingepotea njiani?

Basi, wazazi, msidharau masomo hayo. Nanyi vijana, kumbukeni: hesabu peke yake haitoshi. Ufunguo wa ghala ni amana. Mwenye kuiba dawa humwibia mgonjwa uhai wake.