Injini Inayoruka Milipuko: Ya Zamani, Lakini Bado Ina Funzo

Anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani imeharibika. Inalipuka mara moja, "pu!", kisha inazunguka mara kadhaa ikipumua tu, halafu inalipuka tena. Kumbe ndivyo ilivyoundwa.

Injini hizi za silinda moja zilienea katika mashamba ya Marekani kuanzia mwisho wa karne ya 19, zikipiga maji, kusaga nafaka na kupasua mbao. John Deere, kwa mfano, iliunda Model E kuanzia 1923 hadi 1946, ya nguvu farasi 1.5, 3 na 6. Leo wapenda ufundi, hasa Marekani na Uingereza, hukereza chuma na kuunda mifano midogo ya kutosha juu ya meza, nayo huwaka kweli.

Siri yake ni kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita gavana (si yule wa kaunti). Injini ikikimbia kupita kiasi, vyuma vya uzito hutanuka na kusukuma kikulabu kinachozuia vali ya moshi isifunge. Pistoni ikishuka, huvuta hewa kupitia njia hiyo ya moshi. Vali ya kuingiza mafuta, ambayo hufunguliwa na mvuto wa pistoni peke yake, hubaki imefungwa, kwa hiyo hakuna mafuta yanayoingia. Magurudumu mazito ya chuma ndiyo huendeleza mzunguko. Mwendo ukipungua kikulabu huachia, na mlipuko mmoja hufuata. Kazi ikiwa nzito, milipuko huongezeka.

Je, inaweza kutufaa leo? Kwa taa, hapana: mwendo wake hupanda na kushuka, na taa nazo hufifia na kung'aa. Mfano wa mezani nao hauna nguvu ya kupiga maji shambani. Utazungusha feni ndogo au dainamo ya baiskeli. Tunaona faida yake kubwa iko katika vyuo vya ufundi. Vali, gavana na nyenzo zote ziko nje, zinaenda polepole, na mwanafunzi huona kwa macho kile ambacho katika injini ya pikipiki kimefichwa.

Wafugaji wenye mitambo ya bayogesi huuliza kama injini ya namna hii inaweza kutumia gesi hiyo. Inaweza. Lakini hata pampu ya kawaida ya petroli yenye injini ya mipigo minne inaweza, ikirekebishwa kabureta na fundi anayejua, kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza chuma chakavu kutoka ng'ambo. Lililo muhimu zaidi ni kusafisha gesi. Ile harufu ya yai viza ni ya gesi ya salfa inayokula vyuma vya ndani. Ipitishwe kwanza kwenye chombo chenye vipande vya chuma chenye kutu, vibadilishwe vinapochakaa.

Injini yoyote, hata ya mezani, isiwashwe ndani ya nyumba wala stoo iliyofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Mtu akilalamika kichwa kumuuma, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na injini, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja na mumpeleke kituo cha afya kilicho karibu.