Kufundisha Miondoko Inayofuatana katika Usanifu wa Mashine kwa Kompyuta

Wakufunzi wenzetu wanaowaandaa walimu wa shule za ufundi, kama zile za Ifunda mkoani Iringa na Iyunga jijini Mbeya, bila shaka wamekwisha kuliona jambo hili. Mwanachuo huchora vipuri kwa kompyuta, huviunganisha, hubonyeza kitufe, na mashine huanza kucheza kwenye kioo. Darasa hupiga makofi. Lakini si kila mashine ichezayo kwenye kioo itafanya kazi karakanani.

Sisi hutumia mfano wa mashine ya mkono ya kufyatulia matofali ya udongo na saruji, ya namna iliyobuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá katika miaka ya 1950. Vipuri vyake ni vichache, na utaratibu wake hauruhusu kurukwa hatua. Udongo hutiwa katika kalibu na kifuniko hufungwa. Wenzo husimamishwa, kisha huvutwa chini ili pistoni ipande na kushindilia. Wenzo hurudishwa, kifuniko hufunguliwa, na ndipo wenzo hukandamizwa upande wa pili ili tofali litoke.

Kosa la kwanza la wanachuo ni kukipa kila kipuri mwendo wake. Pistoni haina mwendo wa peke yake; huufuata wenzo. Hapa yafaa wahesabu: kitu kigumu kilicho huru kina namna sita za kwenda, tatu za kusogea na tatu za kuzunguka, na bawaba huondoa tano, ikabakiza moja. Akishahesabu hivyo, mwanachuo huona mwenyewe kwamba wenzo ndio wa kuendeshwa, na viungo vitafanya yaliyosalia.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni la wakati. Miondoko yote huanzishwa katika sekunde ya 0, na kompyuta isipoagizwa kukagua migongano hainung'uniki: vipuri hupenyana kama mizimu. Mwanachuo wetu mmoja alikata chuma kwa kuamini mchezo wa namna hiyo. Wenzo ulikigonga kifuniko kabla hakijafika mahali pake, na chuma kile hakikufaa tena kwa kazi nyingine. Sisi tulikuwa tumekwisha kumpa alama nzuri.

Tangu hapo hatuanzi na kompyuta. Tunawatoa wanachuo uwanjani: mmoja ni kifuniko, wa pili ni wenzo, wa tatu ni pistoni aliyeshikana mkono na wenzo. Hakuna anayeanza hatua yake mpaka aliyemtangulia aseme, "Nimefika." Wanacheka sana, lakini hawasahau. (Umeme ukikatika, somo hili halikatiki.)

Ndipo huandika jedwali: kifuniko, sekunde ya 0 hadi 2, wenzo, sekunde ya 2 hadi 5. Kisha tunawaambia kifuniko sasa kitumie sekunde 4. Aliyeandika "sekunde ya 2" hupata mgongano. Aliyeandika "kifuniko kikiisha kufunga" hasumbuki. Vyuo visivyo na fedha za leseni vinaweza kutumia FreeCAD, inayotolewa bure, ambayo tangu toleo la 1.0 la mwaka 2024 ina sehemu yake ya kuunganishia vipuri.

Alama sasa tunazitoa baada ya mwanachuo kuusimamisha mwendo mwishoni mwa kila hatua, na katikati yake pia, akatuonyesha kwamba hakuna kipuri kilichoingia ndani ya mwenzake.