Sotoka Ilifukuzwa na Nani?

"Mjomba, kati ya sayansi na dini, ipi inaieleza dunia vizuri zaidi? Mwalimu anasema hivi, mchungaji anasema vile."

Hongera, mpwa wangu. Wakubwa wengi hapa Mugumu, Serengeti, hulikwepa swali hilo. Mimi silikwepi, ila sitajibu peke yangu. Nitamwita shahidi. Haya, sogeeni nyote. Paukwa!

"Pakawa!"

Shahidi wetu ni Bibi Nyumbu. Mnamjua. Kila mwaka, mwezi wa sita hivi, yeye na jamaa zake hupita upande wa Mto Grumeti wakielekea kaskazini, Mto Mara. Ndevu ndefu, mgongo umeteremka, kelele hazina kikomo. Wapo wanaosimulia kwamba Mungu alimuumba jioni, kwa mabaki ya wanyama wengine. Mwenyewe akisikia hucheka tu.

"Nguu!" anasema Bibi Nyumbu. "Mimi mambo ya dunia nzima siyajui. Najua habari moja. Habari ya sotoka."

"Sotoka ni nini, mjomba?"

Vizuri, uliza hivyo hivyo. Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe. Ng'ombe hupata homa. Macho hutoa machozi, mdomo hujaa vidonda, kisha huhara mpaka afe. Uliingia Afrika upande wa Uhabeshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukawa umefika kwetu. Ng'ombe wakafa. Nyati wakafa. Nyumbu wakafa. Wamasai walipoteza karibu mifugo yao yote, na nyuma ya sotoka ikaja njaa.

"Watu walifanya nini?"

Shida kubwa ikija, watu huomba. Wazee wa huku wana misambwa, mahali patakatifu penye vilima na chemchemi. Waikoma wana Machaba, pembe mbili za ndovu ambazo, kwa simulizi yao, walizipata kwa mtabiri wa kabila la Watatoga. Huko ndiko watu walikokimbilia siku za dhiki. Makanisa na misikiti ilipokuja, wengine wakakimbilia huko.

"Na sotoka ikaondoka?"

Haikuondoka, mpwa wangu. Siwezi kukudanganya. Ilikwenda ikarudi, ikaenda ikarudi, zaidi ya miaka sitini. Msikilizeni Bibi.

"Nilizaa mwezi wa pili," anasema, "kule kusini kwenye nyasi fupi. Ndama wangu alisimama kabla hajakauka. Akaanguka, akasimama tena, akakimbia! Maziwa yangu yalimlinda miezi michache. Halafu asubuhi moja nikaona macho yake yanatoa machozi."

Hapo Bibi hunyamaza. Tumwache kidogo.

Sasa njooni Muguga, karibu na Nairobi. Kulikuwa na maabara huko, na ndani yake daktari wa mifugo aitwaye Walter Plowright pamoja na wenzake. Walijua kwamba sotoka inaletwa na kirusi, kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, ndugu wa karibu wa kile kinacholeta surua kwa watoto. Wakakilea kirusi hicho kwenye chupa mpaka kikapoteza ukali. Kikawa chanjo.

"Mjomba! Ng'ombe anachomwa ugonjwa ili asiugue?"

Swali zuri hilo, na wala si la kitoto! Mnawajua sungusungu wa kijiji. Wakionyeshwa mwizi akiwa amefungwa kamba, hawezi kuwadhuru, lakini sura yake wameishika. Usiku mwenzake mwenye sura ile akija na panga, wanamtambua kabla hajafika zizini. Mwilini mwa ng'ombe wamo walinzi wa namna hiyo. Chanjo huwaonyesha mwizi aliyefungwa.

Miaka ya 1950 na 1960, ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti wakachanjwa. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja. Nani angemkamata Bibi huyu? Lakini sotoka ilikuwa ikiishi kwa ng'ombe, na kutoka kwao ndiko ilikorukia porini. Ilipokosa pa kuishi, ndama wa nyumbu nao wakapona. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa wakawa kama 250,000. Mwaka 1977 walikuwa zaidi ya 1,300,000. Umati huo mnaouona ukipita ulitokana na sindano walizochomwa ng'ombe.

"Basi sayansi imeshinda, mjomba!"

Kwa swali la nini kilimuua ndama, imeshinda, tena kwa mbali. Hapo sitapepesa maneno. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote. Ugonjwa mwingine uliowahi kufutwa hivyo ni ndui tu.

Lakini Bibi Nyumbu bado ana swali lake. "Kwa nini wangu? Na mimi niishije baada yake?" Mtaalamu atamwambia kirusi kilipitia puani. Ni kweli. Ila mama aliyefiwa haulizi habari za pua. Anayeuliza swali hilo hutafuta sala, wimbo, na watu wa kukaa naye msibani. Dini imelikalia swali hilo kwa karne nyingi, nami sioni maabara inayolitaka.

Ndiyo maana siwaelewi wanaotaka tuchague moja. Hospitali ya Nyerere hapa Mugumu ni ya Kanisa la Mennonite. Ukiingia na homa, wanakupima damu. Hakuna anayekwambia ukiamini Mungu usipimwe.

Ninayemwogopa mimi ni mtu wa tatu. Radi ikipiga nyumba, yeye husema jirani ameituma. Mtoto akiugua, humtazama bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho yale yamekaa na moshi wa kuni miaka yote! Mtu huyo hana sayansi, na dini hana vilevile. Ana hasira na uvivu wa kuuliza. Msimfuate.

"Na sisi tufanye nini, mjomba?"

Mna kazi. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Kichaa cha mbwa nacho huua watu, hasa watoto kama ninyi. Kwa miaka mingi sasa mbwa wa vijiji vya wilaya yetu wamekuwa wakichanjwa. Siku ya chanjo ikitangazwa, mfunge mbwa wako kamba, umpeleke. Ukitaka kusali njiani, sali. Lakini umpeleke.