Kuipima nchi jirani kabla ya kufungua ofisi: Rwanda (Sehemu ya 3)

Baada ya kulipima soko la nyumbani wiki iliyopita, leo tuvuke mpaka wa Rusumo, tuingie Rwanda. Tuchukue kampuni ya Arusha yenye magari na madereva wake, ambayo wageni wake wa Serengeti hawaachi kuulizia gorila wa Rwanda. Mwenye kampuni anawaza kufungua ofisi Kigali.

Kwa kawaida tathmini za aina hii huanza na sifa za nchi, na Rwanda inazo. Simba walirudishwa katika Hifadhi ya Akagera mwaka 2015, faru wakafuata 2017. Msitu wa Nyungwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Barabara kuu ni nzuri, kusajili kampuni hakuchukui muda, na Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017. Yote hayo ni kweli, lakini hayalipi mishahara. Mimi ningeanza na swali jingine: pesa ya mgeni inaishia mkononi mwa nani?

Mwezi Mei 2017 kibali cha kuwaona gorila kilipanda kutoka dola 750 hadi 1,500 kwa kichwa. Kwa kibali hicho mgeni hukaa saa moja tu na gorila, katika kundi lisilozidi watu wanane, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Linganisha na Serengeti, ambako ada ya mgeni wa nje ni dola 70 kwa siku kabla ya kodi, msimu wa wageni wengi. Kampuni ya Arusha hupata faida yake kwenye wingi wa siku: gari moja, wageni sita, siku sita au saba porini. Rwanda mgeni hulala usiku mbili au tatu, na sehemu nono ya malipo yake inakwenda serikalini. Vibali navyo hununuliwa mapema, kwa hiyo fedha za kampuni zinafungwa kabla safari haijaanza. Na familia yenye mtoto wa miaka 12? Mzazi mmoja atabaki hotelini.

Silaumu sera hiyo. Gorila wa milimani wamezidi 1,000 baada ya kukaribia kutoweka, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi za Rwanda hurudi kwa wananchi wanaozizunguka. Ila mfanyabiashara ajue kwamba bei na idadi ya bidhaa vimekwishapangwa na mwenye duka. Juhudi zake za kuuza haziongezi kibali hata kimoja.

Kuna suala la magari, ambalo wakurugenzi hulisahau na madereva hawalisahau. Rwanda huendesha upande wa kulia. Land Cruiser zetu zina usukani kulia, kwa hiyo kuzihamishia huko si jambo la kujaza mafuta na kuondoka. Hata ingewezekana, Arusha hadi Kigali ni takriban kilomita 1,000 za kuchosha gari bila mgeni ndani.

Viza ndiyo inayoniuma zaidi. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya utalii, dola 100 kwa siku 90. Tanzania haimo. Mgeni aliyeanzia Nairobi kwa viza hiyo akiingia Serengeti, ametoka nje ya eneo lake, na akifika Kigali huenda akalipa upya. Mshindani wetu wa Nairobi hana kikwazo hicho anapouza Maasai Mara na gorila pamoja.

Halafu kuna mambo yasiyotabirika. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa Januari 2022. Homa ya Marburg iliingia Rwanda Septemba 2024. Ilidhibitiwa kabla mwaka haujaisha, lakini habari yake ilikuwa imeshaenea. Goma, mji wa Kongo unaopakana na Rwanda, ulitekwa na waasi Januari 2025. Mtu aliyeko Ohio hapimi umbali kati ya Goma na njia ya gorila. Anaona ramani kwenye televisheni, anaahirisha.

Kwa hesabu hizi, ofisi ya Kigali ningeiahirisha. Ningeingia mkataba na wakala wa huko mwenye magari yake na uzoefu wa kununua vibali, nimlipe kwa kila mgeni kwa misimu miwili, nami nibaki na mteja na ankara yake. Wageni wa gorila wakifikia idadi inayolipa kodi ya pango na mishahara ya watu watatu, suala la ofisi lirudi mezani.

Wiki ijayo: Uganda, ambako kibali ni nafuu lakini barabara ya kwenda kwenye gorila wa Bwindi ina hesabu zake.