Kompyuta ya mtumba: Pima umri wake kabla hujavuka nayo mpaka

MFANYABIASHARA anayeteremka Kasumulu akitokea Mbeya na laptopu kumi za mtumba kwenye begi anajua bei aliyonunulia Dar es Salaam, na anajua bei atakayouzia Lilongwe. Asichokijua mara nyingi ni umri wa kitu anachokibeba. Tangu Oktoba 14, 2025 umri huo ndio unaoamua kama begi lake limebeba mali au limebeba vyuma.

Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma kwa Windows 10, mfumo endeshi iliouingiza sokoni Julai 29, 2015. Mfumo endeshi, kwa asiyelijua neno hilo, ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Kompyuta zenye Windows 10 hazikuzimika siku ile. Zinawaka, zinaandika barua, zinacheza muziki. Kilichokatika ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikitumwa kila mwezi kuziba mianya wanayoigundua wadukuzi. Kila mwezi unaopita mianya huongezeka, na anayepita hapo huwa anatafuta neno lako la siri la barua pepe au la benki.

Si mara ya kwanza. Windows XP iliyotoka mwaka 2001 iliachwa Aprili 8, 2014, na Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020. Lakini zamani jambo lilikuwa jepesi: unampelekea fundi mashine, anapiga Windows mpya, unalipa unaondoka. Kompyuta nyingi zilizokuwa na Windows 7 ziliipokea Windows 10 bila ugomvi.

Safari hii mlangoni kuna askari. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, inataka RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kwenye diski, na hayo si tatizo kwa mashine nyingi. Tatizo ni masharti mengine. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na inataka prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo huanzia hasa kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kwa AMD huanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Mashine ya mwaka 2016, hata kama ilinunuliwa kwa bei ya pikipiki na bado inang'aa, imefungiwa nje.

Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria Desemba 2023 kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingeweza kuishia jalalani kwa sababu ya mabadiliko haya. Ofisi ya Ulaya haiwezi kuendelea na mashine isiyopata viraka, hivyo inaiondoa. Msomaji anayefanya biashara ya mtumba hahitaji mganga kumwambia sehemu ya mashine hizo huelekea wapi. Mtu akikupa Dell au HP ya ofisini kwa bei ya kutupa, huenda tatizo si betri wala skrini, bali ni kwamba aliyekuwa nayo aliambiwa haipandi tena.

Sasa tuvuke Songwe, tupite Karonga na Mzuzu, tufike Dzaleka. Kambi hii iko wilaya ya Dowa, zaidi kidogo ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Zamani, enzi za Kamuzu Banda, palikuwa gereza, na mwaka 1994 pakageuzwa makao ya wakimbizi. Ilitengewa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo kwa hesabu za UNHCR ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni, na ndiyo maana mfanyabiashara wa Kigoma au Mbeya akifika pale hujisikia yuko nyumbani.

Watu wa mbali hudhani kambi ni mahema na foleni za mahindi. Dzaleka imekuwa na wanafunzi wa elimu ya juu kwa njia ya kompyuta tangu mwaka 2010, kupitia mpango wa Wajesuiti unaojulikana leo kama Jesuit Worldwide Learning. Ni hapo pia ilipozaliwa TakenoLab, iliyoanzishwa na Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, kuwafundisha wenzake kuandika programu. Kwa mtu wa namna hiyo kompyuta ni daftari, ni shamba, na wakati mwingine ndiyo ajira yenyewe, kwa sababu kazi ya mtandaoni haimtaki atoke kambini.

Kutoka kambini ndiko kwenye shida. Serikali ya Malawi iliagiza mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka, na Mei mwaka huo wengi waliondolewa Lilongwe kwa nguvu, maduka yao yakafungwa. Mtu wa Dzaleka akiuziwa mashine isiyofaa, au RAM isiyoingia, hawezi kurukia basi dogo kila anapotaka kwenda kugombana na muuzaji mjini. Anahitaji ruhusa, nauli na siku nzima. Kosa la muuzaji huko Dar es Salaam linamwangukia yeye, na yeye ndiye mwenye njia chache za kulirekebisha.

Basi umri wa kompyuta unapimwaje dukani? Usitegemee jina la modeli peke yake. ThinkPad T480 husifiwa kuwa inapokea Windows 11, na nyingi zinaipokea kweli, lakini zilitoka pia T480 zenye prosesa ya kizazi cha saba. Washa mashine, fungua ukurasa wa maelezo yake, soma jina la prosesa. Ukiona i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, hicho ni kizazi cha nane. Ukiona i5-7300U ni cha saba, na imeachwa nje. Tarakimu zikiwa tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: ni kizazi cha kumi. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na mashine itakuambia kama TPM ipo na ni toleo gani. Ikisema haipo usiitupe bado. Mara nyingi imezimwa tu ndani ya BIOS, na kwenye mashine za Intel hujificha kwa jina la PTT. Fundi anayejua kazi huiwasha kwa dakika chache.

Jambo jingine ni la wafanyabiashara hasa. Kompyuta zilizotoka ofisini zinaweza kuwa bado zimesajiliwa kwa jina la kampuni ya zamani. Dukani inawaka vizuri kwa sababu hakuna intaneti. Ikifika Lilongwe, mnunuzi anapiga Windows upya, anaunga intaneti, na skrini inamdai barua pepe ya mfanyakazi wa kampuni asiyoijua. Kufuta diski hakusaidii, kwa kuwa usajili hauko kwenye diski. Dawa ni kumtaka muuzaji aianzishe mashine upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, kabla hujatoa pesa. Tumia hata bando la simu yako.

Kwa aliye tayari na mashine ya zamani, njia zipo. Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka vya Windows 10 kwa watu wa kawaida, hadi Oktoba 13, 2026. Ulitolewa kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Huo ni muda wa kujipanga, basi.

Mafundi wengi mitaani hufuata njia ya pili: huandaa flashi inayoruka ukaguzi na kuiingiza Windows 11 kwa mabavu kwenye mashine isiyokubalika. Inafanya kazi, tusidanganyane. Lakini Microsoft haiahidi kuitumia viraka mashine ya namna hiyo, na toleo lililotoka mwaka 2024 liligoma kabisa kuwaka kwenye mashine kuukuu kama zile za Core 2 Duo. Binafsi naona muuzaji anayefanya hivyo bila kumwambia mnunuzi anauza kitu kingine tofauti na alichokitaja.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa watu wa Dzaleka, nayo ni Linux. Linux Mint ni ya bure, inaridhika na RAM ya GB 2 ingawa hupendelea 4, na matoleo yake ya 22 yameahidiwa viraka hadi mwaka 2029. Faili lake la kupakua ni karibu GB 3, wakati la Windows 11 linazidi GB 5, na anayenunua bando anajua maana ya tofauti hiyo. Inakuja na LibreOffice ya kuandikia na Firefox ya kuingilia mtandaoni. Programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Ila mwenye studio ya picha anayetegemea Photoshop, au mwenye duka anayetumia programu ya hesabu ya Windows, aulize kwanza.

Njia yoyote utakayoichagua, kama mashine bado ina diski ya zamani inayozunguka, kuibadilisha kuwa SSD kutakufaa kuliko kuongeza kitu kingine chochote. Hapo jiandae na bei. Vipuri hununuliwa kwa dola, na kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023. Bei za RAM nazo zilipanda sana duniani mwishoni mwa 2025, baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye kompyuta za akili mnemba. Mfanyabiashara mwenye RAM za mtumba nzima asizitupe pamoja na mashine mbovu.

Halafu umeme. Aliyeko Malawi hahitaji kuelezwa. Januari 2022 kimbunga Ana kilibomoa bwawa la kituo cha Kapichira na nchi ikapoteza karibu theluthi moja ya umeme wake. Kubadilisha mfumo huchukua saa nzima au zaidi, na kugusa BIOS ni hatari kubwa kuliko zote: umeme ukikatika katikati, ubao mama unaweza kufa. Betri ijae kwanza. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, subiri siku ambayo umeme umetulia.

Nimewaacha mwisho wanaorudi makwao, kwa sababu wana cha kupoteza kuliko mashine. Tuseme mtu ameishi Dzaleka miaka kumi na sasa anarudi Burundi. Ndani ya laptopu yake kuna cheti cha diploma kilichopigwa skani, karatasi za usajili, barua za kazi, picha za watoto na za waliokufa. Kabla ya safari anampa fundi aweke Windows mpya ili afike nayo ikiwa safi. Fundi akifomati diski bila kuuliza, vyote vimekwenda. Kwa hiyo nakala ziwe mbili: moja kwenye flashi inayobaki mwilini mwa msafiri, nyingine kwenye akaunti ya mtandaoni au kwa ndugu anayeaminika. Zifunguliwe na kuonekana kwa macho kabla fundi hajashika mashine.

Kuna mtego mpya pia. Windows 11 ya matoleo ya karibuni, ikiwekwa upya kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi huifunga diski kwa usimbaji yenyewe, bila kupiga kelele. Ufunguo wa kuifungua, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Kama fundi alitumia akaunti yake ili kuwahi kazi, ufunguo wa nyaraka zako uko kwake. Siku mashine itakapoudai, labda baada ya kubadilishwa kipuri, wewe uko Bujumbura na yeye yuko Lilongwe na namba ya simu aliyokuwa nayo haipatikani. Ingia kwa akaunti yako mwenyewe, ukiwa hapo hapo mezani kwa fundi. Tafuta ufunguo huo, uandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isisafiri ndani ya begi moja na kompyuta.