Kopo, Muhuri na Kuba: Utani na Imani katika Sanaa Pendwa ya Waarabu wa Leo

Kwa muda mrefu imedhaniwa kuwa sanaa ya nchi za Kiislamu ni nakshi na khati tupu, isiyocheka wala kuchekesha. Dhana hiyo haiwezi kusimama mbele ya kazi za wasanii kadhaa wa Kiarabu wa zama hizi. Lakini liko kosa la pili, nalo ni kubwa zaidi: kuziona kazi hizo kuwa ni sanaa pendwa ya Marekani iliyovishwa kilemba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utani wake, kwa sehemu kubwa, umejengwa juu ya neno, na kwamba asiyelisoma neno huambulia rangi.

Sanaa pendwa, yaani ile inayotwaa vitu vya dukani na vya magazetini na kuvitundika ukutani, ilichipuka Uingereza katika miaka ya 1950 na kushamiri Marekani. Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha picha 32 za makopo ya supu, zilizopishana kwa jina la supu tu. Kopo lilikuwa ndilo picha yenyewe. Hassan Hajjaj, aliyezaliwa Larache, Moroko, mwaka 1961 na kuhamia London angali kijana, amelitoa kopo katikati na kulipeleka pembezoni. Katika mfululizo wake uitwao ’Kesh Angels, wanawake wa Marrakesh wameketi juu ya pikipiki, wamevaa majuba ya Kimoroko na nikabu, na juu ya vitambaa hivyo zimechapwa nembo za makampuni mashuhuri ya nguo na viatu. Fremu inayoizunguka picha ina vijumba vilivyopangwa makopo na vikasha vya bidhaa, kimoja baada ya kingine, hata jicho likakumbuka vigae vya misikitini na majumbani mwa Moroko.

Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kuuelewa mpango huu, kwa kuwa anaujua kutoka kwenye leso. Leso ina mji na ina pindo, na ina jina lake, yaani ule msemo ulioandikwa. Picha ya Hajjaj nayo ina mji, ambao ni yule mwanamke na pikipiki yake, na ina pindo. Tofauti ni kwamba jina limehamia kwenye pindo: ni yale maandishi ya Kiarabu yaliyo juu ya makopo. Na kama ilivyo kwa leso, neno halisemi jambo lile lile kwa kila alionaye. Mmoroko anayesoma “Coca-Cola” kwa herufi za Kiarabu, zilizokunjwa zifanane na mkunjo wa zile za Kilatini, anaona kitu cha jikoni kwao. Mtazamaji wa London asiyezijua herufi hizo huweza kudhani kwamba ameona khati ya kale. Hapo ndipo kicheko kilipo, na anayechekwa siye aliyevaa nikabu. Marrakesh ni mji wa pikipiki. Mwanamke aliyejifunika akiwa juu ya pikipiki ni jambo la kila siku. Ajabu imo katika jicho la mgeni aliyeamini kwamba viwili hivyo haviwezi kukaa pamoja.

Hata jina la mfululizo lina mchezo wake. “’Kesh” ni mkia wa Marrakesh uliokatwa kichwa, na sehemu ya pili inakumbusha genge maarufu la waendesha pikipiki wa Marekani, ambalo kwa jina lake ni la malaika wa jahanamu. Jahanamu imeondolewa, malaika wamebaki.

Yako malalamiko kwamba picha za namna hii huwapa wageni kile kile wanachokipenda: rangi kali, nikabu na soko. Lawama hiyo si ya kupuuzwa, maana kazi hizi zimeonyeshwa na kuuzwa sana London na New York, mahali ambapo pindo hutazamwa bila kusomwa.

Abdulnasser Gharem amekwenda mbali zaidi, kwa kuwa neno alilolichezea ni la dini. Alizaliwa Khamis Mushait, Saudia, mwaka 1973, akawa afisa wa jeshi, na kwa kazi yake alijua vyema nguvu ya muhuri juu ya karatasi. Akaunda mihuri ya mbao na mpira, mikubwa kupita kiasi. Mmoja una neno “inshallah”. Kisarufi hilo ni sharti: “akipenda Mungu”. Sura ya Al-Kahf inamwagiza mwanadamu asiahidi jambo la kesho bila ya kulitaja sharti hilo. Ni neno la unyenyekevu. Lakini katika Kiarabu cha maofisini, kama katika Kiswahili cha maofisini, limepata maana ya pili, ambayo kamusi huiandika kwa haya: “usitumaini sana.” Gharem halikejeli neno, bali anamkejeli karani aliyeligeuza kuwa mlango wa nyuma. Likishakuwa muhuri, unyenyekevu umekuwa amri, na ahadi imefutwa kabla ya wino kukauka.

Kazi yake ya mwaka 2010, Message/Messenger, haihitaji khati. Ni kuba la msikiti, la mbao na shaba, lililoinuliwa upande mmoja kwa kijiti, na chini yake yumo njiwa. Mtoto yeyote aliyewahi kutega ndege kwa ungo anaujua mtego huo. Jina lake huingia katika Kiswahili bila kupoteza kitu, Ujumbe/Mjumbe, maneno mawili ya mzizi mmoja, kama vile “risala” na “rasuli” tulivyoyapokea kutoka Kiarabu. Je, kuba linamhifadhi njiwa au linamnasa? Kijiti hakijaanguka. Mwezi wa Aprili 2011 kazi hiyo iliuzwa mnadani Dubai kwa dola 842,500, na Gharem akazitoa fedha hizo kwa Edge of Arabia, jumuiya aliyoiasisi na wenzake mwaka 2003, zisaidie mafunzo ya sanaa nchini kwao.