Moyo wa Mtoto Huangaliwa Pia Kinywani

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Iringa huweza kuibadilisha midomo hata ya mtoto mwenye afya ikaonekana ya bluu. Ulimi haubadiliki hivyo. Ukiona ulimi na fizi zimegeuka bluu, hasa anapolia au kunyonya, mpeleke hospitali: damu yake haina oksijeni ya kutosha, na huenda alizaliwa na hitilafu ya moyo. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa nayo.

Si wote wanaokuwa bluu. Wengine hunyonya kwa taabu huku wakitokwa jasho, hukohoa kila mara, uzito hauongezeki. Mtoto wa hivyo ni rahisi kusingiziwa "meno ya plastiki", yaani imani kwamba kivimbe cheupe kwenye fizi ndicho kinachomuumiza. Tangu miaka ya 1980 imani hiyo imewafikisha watoto wachanga wengi nchini kwa waganga, wakachokolewa fizi ili kuondoa kivimbe cheupe ambacho ni chonge changa tu, bado haijaota. Ni ukatili kwa mtoto yeyote. Kwa mwenye hitilafu ya moyo unaweza kuua: bakteria wa kinywani huingia kwenye damu kupitia kidonda, hujishikiza kwenye vali yenye kasoro au kando ya tundu la moyo, wakazaliana humo. Kuwaondoa huhitaji sindano za antibayotiki kwa wiki kadhaa, na vali inaweza kuharibika moja kwa moja.

Jino bovu huwapa bakteria njia hiyohiyo. Na watoto wenye hitilafu ya moyo huoza meno upesi, maana hulishwa kidogo kidogo mchana na usiku, na dawa zao za maji mara nyingi zina sukari. Jino la kwanza likichomoza tu, lipigwe mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele mpaka atimize miaka 3. Akishameza dawa tamu, anywe maji.

Akihitaji upasuaji wa moyo, meno yatibiwe kabla ya safari ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na jino lenye usaha linaweza kuahirisha upasuaji.

Baadhi ya watoto, kama wenye vali bandia, huhitaji dozi moja ya antibayotiki dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'olewa jino. Uamuzi huo ni wa daktari, lakini hawezi kuufanya bila kujua hali ya moyo wa mtoto. Mzazi, unapomleta mwanao kwa daktari wa meno, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Mkoa wa Iringa, mwambie habari za moyo kabla hajagusa jino.